Kufikia seva yako ya filamu ukiwa nje ya nyumba bila kufungua poti (Jellyfin + Tailscale)

Hii ni ya wale wako na seva ya video na muziki kwa nyumba, iwe ni kale ka-kompyuta kadogo ka ex-UK ulitoa Luthuli, ama Raspberry Pi, ama laptopu ya zamani yenye skrini ilikufa, na inafanya poa kabisa ukiwa kwa kochi lakini ukitoka tu getini hakuna kitu. Unataka kuendelea na video ukiwa kwa mathree imekwama Lang'ata Road, ama unataka mzazi ushago aone video za harusi bila wewe kubeba flashi. Inawezekana, na si ngumu. Ngumu ni kuifanya bila kuwekea watu wabaya njia ya kuingia kwa nyumba yako, na hiyo ndio sababu niliandika hii yote badala ya mistari mitatu.

Nitatumia Jellyfin, programu ya kuonyesha video na muziki kutoka kwa seva yako, juu ni ya bure, haidai akaunti ya kampuni yoyote, na ilizaliwa 2018 wakati Emby, programu ya aina hiyo hiyo, iliacha kuwa ya chanzo wazi na watu wakachukua msimbo wake wakaendelea nao wenyewe. Ukiwa na Plex, ambayo pia ni ya aina hiyo, sehemu kubwa ya hii bado inakuhusu, poti (ule mlango wenye namba ambao programu inasikilizia kwa mtandao) tu ndio tofauti: Jellyfin ni 8096, Plex ni 32400. Nachukulia pia seva tayari inafanya kazi ndani ya nyumba na inaendesha Ubuntu ama Debian. Wa Windows nitawagusia.

Kwanza, usifungue poti kwa rauta

Ukiuliza mtu haraka haraka atakuambia ingia kwa rauta, enda port forwarding (kuelekeza poti ya nje hadi kwa kifaa cha ndani), weka 8096 ielekee kwa seva, maliza. Na kweli itafanya kazi. Shida ni kwamba itafanyia kila mtu kazi. Anwani za IPv4 (zile namba za kawaida za intaneti) zote duniani ni kama bilioni 4.3 na hiyo inasikika nyingi sana, lakini tangu 2013 kumekuwa na programu ya kuzipitia zote kwa poti moja chini ya saa moja, na kuna mitandao kama Shodan kazi yao ni kupitapita kuandika nani amefungua nini. Kwa hivyo usijidanganye ati "nani atanijua mimi wa Umoja", hakuna mtu anakutafuta wewe, roboti zinatafuta yeyote.

Halafu poti 8096 ni HTTP tupu. Paswadi yako inapita wazi, mtu akiwa kwa waifai moja na wewe kwa mkahawa anaeza isoma.

Na kuna ile ya LastPass, ambayo kila mtu mwenye seva ya nyumbani anafaa kuijua. 2022 wezi walipitia kompyuta ya nyumbani ya injinia wao mmoja, wakaweka kitu cha kurekodi alichokuwa anaandika kwa kibodi, wakapata paswadi yake kuu. Njia waliyopita ilikuwa ni Plex yenye kasoro ambayo ilikuwa imerekebishwa tangu 2020, jamaa tu hakuwa amesasisha. Yaani seva ya filamu ya mtu mmoja iliangusha kampuni ya kulinda paswadi za watu. So hii si maneno ya kuogopesha watoto.

Angalia kama una anwani yako mwenyewe

Hii inachukua dakika moja na inakuokolea siku nzima ya kuhangaika. Ingia kwa rauta (mara nyingi ni 192.168.1.1 ama 192.168.100.1, angalia stika chini yake), tafuta mahali imeandikwa WAN IP, yaani anwani yake ya upande wa nje. Sasa kwa simu ikiwa kwa hiyo hiyo waifai, tafuta "what is my IP" kwa Google. Zikifanana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, na hasa ile ya rauta ikianzia 100.64 mpaka 100.127 ama 10 kitu kitu, uko nyuma ya CGNAT, yaani kampuni ya intaneti imeweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Starlink ya nyumbani iko hivyo, na mitandao mingi ya mtaani ile ya kuvutiwa waya kutoka kwa ploti ya jirani pia iko hivyo. Ukiwa hapo hata ukifungua poti mpaka asubuhi hakuna kitu itaingia, na ukipigia huduma kwa wateja utaambiwa uzime rauta uiwashe.

Sasa uzuri wa njia naenda kukuonyesha ni kwamba haijali uko upande gani. CGNAT ama anwani ya umma, inafanya kazi sawa.

Tunachotumia: Tailscale

Chini yake kuna WireGuard, ambayo ni VPN (njia iliyosimbwa kati ya vifaa) ya Jason Donenfeld iliyoingizwa kwa Linux yenyewe, kernel (kiini chake) 5.6, Machi 2020. Kitu naipendea ni kwamba paketi ikija bila ufunguo sahihi haijibu kabisa, haisemi hata "umekosea". Ni kama soja wa geti ambaye hajui sura yako na anakutazama tu kimya mpaka urudi na mguu wako. Mtu anayepitapita nje hawezi hata kujua kuna kitu hapo.

WireGuard yenyewe unaeza iweka kwa mkono, lakini inataka upande mmoja uwe na anwani inayofikika, na hiyo wengi hatuna. Tailscale, kampuni ya Toronto, inashughulikia sehemu hiyo: vifaa vyako vyote vinaingia kwa akaunti moja, vinabadilishana funguo, halafu vinatafutana vyenyewe na kuongea moja kwa moja. Vikishindwa kufikiana vinapitia seva zao za kupokezana, zinaitwa DERP, na moja iko hapa Nairobi. Hata zikipita huko data bado imesimbwa kutoka kifaa hadi kifaa, wao hawawezi kuiona. Mpango wao wa mtu binafsi ni wa bure na unatosha nyumba ya kawaida.

Hatua ya 1: akaunti, na hapa usikimbie

Tailscale haina paswadi yake, unaingia na Google, Microsoft, Apple, GitHub na kadhalika. Maana yake ni kwamba hiyo akaunti ya Google sasa ndio ufunguo wa nyumba yako. Kama haina uthibitisho wa hatua mbili, simama hapa uiweke kwanza, na usitumie ile ya SMS kama una njia ingine, juu wizi wa laini ya simu Kenya tunaujua sote, mtu anabadilisha laini yako na meseji zote zinaenda kwake. Tumia apu ya kutoa namba ama passkey. Zile namba za dharura ziandike kwa karatasi uweke mahali salama nyumbani, si kwa picha ndani ya simu hiyo hiyo.

Hatua ya 2: weka kwa seva

Kwa Ubuntu ama Debian:

```
curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
sudo tailscale up
```

Itakupa linki, ifungue kwa kivinjari chochote, ingia, kubali. Halafu:

```
tailscale ip -4
```

Utapata namba ya 100 kitu kitu. Hiyo ndio anwani ya seva yako milele, haibadiliki hata ukihama kutoka Kasarani hadi Kitengela na ubadilishe kampuni ya intaneti.

Wa Windows, pakua programu yao, isakinishe, ingia, halafu kwa mapendeleo washa "Run unattended". Usipowasha hiyo, kompyuta ikijiwasha na hakuna mtu ameingia, Tailscale inabaki imelala.

Sasa kitu watu wengi wanaruka halafu wanakuja kulia baadaye: funguo za kifaa zinaisha muda baada ya siku 180 kama hujagusa chochote. Itaisha siku uko Mombasa, lazima tu. Enda kwa ukurasa wa usimamizi wa Tailscale, Machines, bonyeza zile nukta tatu kando ya seva, chagua "Disable key expiry". Fanya hivyo kwa seva peke yake. Simu na laptopu acha ziishe, ni vizuri ziulizwe mara kwa mara wewe ni nani.

Hatua ya 3: simu

Pakua Tailscale kwa Play Store ama App Store, ingia na akaunti ile ile, washa. Pakua apu ya Jellyfin, ikiuliza anwani andika `http://100.x.y.z:8096` ukiweka namba yako. Usishtuke kuona http bila s, njia yenyewe imeshasimbwa na WireGuard, hakuna mtu wa katikati anaona kitu.

Kuhusu bando, usiogope: kinachopita kwa Tailscale ni cha kwenda kwa seva yako tu, WhatsApp na mengine yanapita njia yake ya kawaida. Lakini kwa Android huwezi kuendesha VPN mbili pamoja, kwa hivyo kama unatumia VPN ingine itabidi uchague.

Sasa jaribu vizuri. Zima waifai, baki na data ya simu, fungua Jellyfin. Ikicheza, uko sawa. Halafu fanya jaribio la kinyume, ambalo kwangu ndio la maana zaidi: zima Tailscale, bado ukiwa kwa data, fungua kivinjari uende kwa ile anwani ya umma ya nyumbani ikifuatwa na `:8096`. Inafaa ISIFUNGUKE. Ikifunguka basi kuna poti uliacha wazi zamani, ama rauta imejifungulia yenyewe kupitia UPnP (inayoruhusu vifaa kufungua poti vyenyewe). Rudi kwa rauta, futa port forwarding yote ya seva, zima UPnP, jaribu tena.

Hatua ya 4: kaza Jellyfin yenyewe

Kwa Dashboard, Networking, acha "Allow remote connections to this server" ikiwa imewashwa. Inaonekana ni kinyume na tunachofanya, lakini anwani za 100.64 kuendelea Jellyfin inazihesabu kama za nje, ukizima hiyo unajifungia mwenyewe. Na usiende kuziongeza kwa orodha ya mitandao ya ndani kama wengine wanavyoshauri. Kubaki "nje" kunakupa faida mbili.

Ya kwanza ni udhibiti wa akaunti. Tengeneza akaunti ya kuangalia tu, isiyo na mamlaka, hiyo ndio utumie kwa simu na kwa TV. Ile ya msimamizi, enda kwa mipangilio yake uzime ruhusa ya kuunganisha kutoka nje. Sasa hata simu yako ikishikwa na mtu, hawezi kugeuza seva akiwa nje. Weka pia kikomo cha kukosea paswadi kabla akaunti ifungwe.

Ya pili ni bitrate, yaani data ngapi video inatumia kwa sekunde, na hii ndio inaamua kama utafurahia ama utatupa simu.

Bitrate, hapa tukae kidogo

Ukiangalia kutoka nje, kasi ya kushusha ya nyumbani haina maana, cha maana ni kasi ya kupandisha. Pima kwa speedtest uangalie namba ya pili. Kama ni 5 Mbps na filamu ni faili ya 12 Mbps, itakwama kila sekunde na utalaumu Tailscale bure.

Halafu kuna bando. Hesabu ni rahisi: Mbps moja kwa saa nzima ni MB 450. So 8 Mbps ni GB 3.6 kwa saa, 4 Mbps ni GB 1.8, na 1.5 Mbps ni kama MB 675. Kwa skrini ya simu ndani ya matatu, 1.5 hadi 3 inatosha kabisa, anayekuambia anaona tofauti ya 1080p akiruka matuta ya Outering anakudanganya.

Enda Dashboard, Playback, Streaming, weka kikomo cha intaneti, mimi nashauri 3 ama 4. Nyumbani haitaguswa juu huko unaingia na anwani ya 192.168, lakini hakikisha kwa nyumba apu inatumia hiyo anwani ya ndani na si ile ya 100. Kwa apu unaeza kuhifadhi zote mbili.

Kupunguza bitrate kunamaanisha seva inabadilisha video papo hapo, na hiyo ni kazi nzito. Kompyuta za Intel ziko na Quick Sync ya kusaidia: kizazi cha 6 kinaweza HEVC (aina ya kubana video) ya kawaida ya biti 8, kutoka cha 7 ndio unapata biti 10. Ndio maana ukienda kununua hizo ndogo za ex-UK ongeza hizo pesa kidogo uchukue i5 ya 7 ama ya 8, usikubali kuuziwa ya 4 ati iko na RAM nyingi. Kwa Linux hakikisha Jellyfin inaruhusiwa kugusa chipu:

```
sudo usermod -aG render jellyfin
sudo systemctl restart jellyfin
```

Halafu kwa Playback, Transcoding chagua Intel QuickSync. Ukicheza kitu na `htop` ionyeshe prosesa iko mia kwa mia, bado haijashika. Kwa Raspberry Pi mambo ni magumu hapa, afadhali uandae faili ndogo mapema.

Hatua ya 5: ukuta wa moto

Tailscale inalinda njia ya nje, lakini seva bado iko kwa waifai ya nyumba pamoja na simu za wageni, TV, na ile kamera ya bei rahisi. Na kama kampuni yako inakupa IPv6 (aina mpya ya anwani za intaneti), kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake ya umma, kwa hivyo ukuta ni muhimu:

```
sudo ufw default deny incoming
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 8096 proto tcp
sudo ufw allow in on tailscale0
sudo ufw enable
```

Badilisha 192.168.1.0 ifanane na mtandao wako, na ile laini ya poti 22 iwe kabla ya enable, la sivyo unajifungia nje ya SSH (njia ya kuamrisha seva kutoka kompyuta ingine). Onyo moja: ukiendesha Jellyfin ndani ya Docker (inayoweka kila programu kwa boksi lake), Docker inaruka ufw na kufungua poti zake yenyewe. Na ufw haitakusaidia kuzuia watu wa ndani ya Tailscale, hao wanazuiwa kwa sheria za Tailscale, ambazo ndio zinafuata.

Kushirikisha mzazi, mpenzi, beshte

Usimpe mtu akaunti yako ya Google. Usimwalike pia kwa mtandao wako wote kama anataka filamu tu. Kwa Machines bonyeza nukta tatu za seva, chagua Share, mtumie linki. Yeye anafungua akaunti yake ya Tailscale na anaona hiyo mashine moja peke yake, vifaa vyako vingine havioni.

Lakini bila sheria anaeza kugonga poti yoyote ya seva, pamoja na SSH. Sheria ya mwanzo ya Tailscale inaruhusu kila mtu kila kitu, kwa hivyo iondoe kwa Access controls, uweke hizi mbili kwa mtindo wa acls:

```
{"action": "accept", "src": ["autogroup:member"], "dst": ["*:*"]},
{"action": "accept", "src": ["autogroup:shared"], "dst": ["100.x.y.z:8096"]}
```

Ya kwanza ni yako wewe na vifaa vyako, ya pili inawapa wageni Jellyfin basi. Halafu mtengenezee kila mtu akaunti yake ndani ya Jellyfin, na umchagulie maktaba anazoona.

Kwa TV ya mzazi, kama ni Android TV ama Apple TV kuna apu ya Tailscale. TV za Samsung na LG hazina, mnunulie kale ka-boksi ka Android TV ukachomeke kwa HDMI. Fanya hii yote ukiwa huko mwenyewe na rimoti mkononi, usijaribu kuelekeza mtu kwa simu, mtakosana.

Stima

Seva ikizima stima ikipotea na ibaki imezimwa, hakuna VPN itakusaidia. Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka), tafuta kitu kama "After Power Loss" uweke Power On, ijiwashe yenyewe stima ikirudi. Ka-mini UPS ka 12V kwa rauta na kile kiboksi cha faiba kanasaidia sana kwa zile za kupotea dakika kumi, angalia tu volti kwa stika kabla ununue.

Sasisho pia zisikutegemee wewe kukumbuka:

```
sudo apt install unattended-upgrades
sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades
```

Hiyo inashughulikia za usalama za mfumo. Jellyfin na Tailscale zenyewe, `sudo apt update && sudo apt upgrade` kila ukipata nafasi, na fanya ukiwa nyumbani, si ukiwa kwa basi ya Kisumu.

Ikisumbua

Video inaanza halafu inakwama: kwa seva andika `tailscale status`, uangalie kama mstari wa simu yako umeandikwa direct ama relay. Ikiwa relay, mnapitia DERP, na hizo hazikutengenezwa kubeba video nzito. Shusha bitrate, ama ubadilishe mtandao wa simu ujaribu tena, mara nyingi ni waifai ya ofisi imezuia UDP, aina ya data ambayo Tailscale inatumia.

Haifiki kabisa: `tailscale ping jina-la-simu` kutoka kwa seva. Ikijibu, shida iko kwa Jellyfin ama kwa zile sheria za Access controls. Isipojibu, Tailscale imezimwa upande mmoja, na kwa simu mara nyingi ni betri saver imeiua, itoe kwa orodha ya apu za kulazwa.

Na watu watakuambia utumie Cloudflare Tunnel. Ni kitu kizuri kwa tovuti, lakini masharti yao yanabana kupitisha video kwa huduma ya bure, na pia unakuwa umeweka ukurasa wako wa kuingia mbele ya dunia tena. Hivyo hivyo kwa domeni na cheti cha Let's Encrypt: kila cheti kinaandikwa kwa daftari la umma, kwa hivyo jina ulilodhani ni la siri linajulikana siku hiyo hiyo. Kama lazima uende hiyo njia, weka kitu cha kuthibitisha mtu kabla hajaona Jellyfin.

Simu ikinyakuliwa

Tao hii ni suala la lini. Ukipata kompyuta yoyote unayoiamini, ingia Tailscale, Machines, tafuta hiyo simu, Remove. Hapo hapo inakatwa. Halafu kwa Google toa hiyo simu kwa orodha ya vifaa, kisha ukifika nyumbani ingia Jellyfin kama msimamizi, Devices, uifute na ubadilishe paswadi ya ile akaunti ya kuangalia. Fanya kwa mpangilio huo, Tailscale kwanza.